Nilimwondoa Mwanaidi Kituoni kwa Kumshuku Tu

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa ili usije ukafika katikati ukaanza kunitafutia visingizio, maana nimeshavitafuta vyote mwenyewe na hakuna kilichonifaa.

Mie ni askari polisi, cheo sajenti, mwaka wa kumi na tisa kazini. Jina langu na kituo sivitaji, na majina ya watu humu nimeyabadilisha. Jua tu ni kituo kidogo huko mbele ya Chamazi, kule ambako nyumba mpya zinaota kila wiki na barabara bado ni mchanga. Kazi yangu ilikuwa kupanga zamu: nani akae kaunta, nani aende doria, nani apumzike.

Siku moja mkuu wa kituo aliniita ofisini kwake. Agizo la kubana matumizi lilikuwa limeshuka. Mafuta ya gari yamepunguzwa, na askari wawili wanatakiwa wahamie kituo kikubwa.

"Mmoja nimeshampata, ameomba mwenyewe," mkuu akasema. "Wa pili niletee wewe. Wewe ndo unawajua."

"Kwa kigezo gani, mkuu?"

"Ambaye akiondoka hatutamkosa."

Nikatoka pale na jina tayari kichwani. Koplo Mwanaidi.

Mwanaidi ndiye aliyekuwa anashika dawati la jinsia, chumba cha nyuma wanakopokelewa wanawake na watoto waliofanyiwa ukatili. Mtoto wa Mbagala, kalelewa kipwani, shikamoo yake haikosi hata kwa mfagiaji. Ila maneno mengi hana. Wenzake wakipiga soga kwenye benchi nje, yeye yuko chumbani kwake na mlango kaufunga.

Zamani mlango ule haukuniumizaga kichwa. Aliyenifumbua macho, au niseme aliyenifumba, ni Koplo Beka wa kaunta. Tulikuwa tunakula pamoja kila mchana, namwona kama mdogo wangu.

"Sajenti, yule dada umeshamwangalia vizuri?" aliniambia siku moja, miezi kadhaa kabla ya agizo lile, huku anachambua mifupa ya samaki.

"Kivipi?"

"Wageni wake hawapiti kaunta, wanazungukia nyuma. Wanaingia na vifurushi, wanatoka mikono mitupu. Mie simo, nakwambia tu."

Maneno yale yaliniingia. Kuanzia hapo kila alichofanya Mwanaidi kikawa ushahidi. Akipokea simu anasogea mpaka kwenye tenki la maji, mie naandika kichwani. Akiongea na mama mmoja kwa kunong'ona, nasema haya, wanapatana hao. Akicheka, najiuliza anacheka nini. Akinyamaza, najiuliza anaficha nini.

Siku chache baada ya mkuu kuniita, mchana Mwanaidi alipokwenda kuswali, niliingia chumbani kwake nikafungua droo. Nikakuta daftari la kawaida la shule. Ndani hamna jina hata moja, ila herufi mbili mbili na siku za wiki. "S.M., Alhamisi." "H.J., Jumamosi asubuhi." Nikajua nimemkamata. Hii ni orodha ya watu wanaomletea chochote ili kesi zao zizimwe, nilijisemea.

Sikumuuliza. Miezi yote ile, sikumuuliza hata neno moja. Nilirudisha daftari, nikaenda mezani kwangu nikaandika jina lake. Sababu niliyojaza ni kwamba dawati halina kazi nyingi, na inatosha askari kutoka kituo kikubwa kuja siku moja kwa wiki, Jumanne. Mkuu akasaini bila kusoma mara mbili. Akaniambia nimefanya kazi nzuri.

Mwanaidi alipopata barua alikuja akasimama mbele yangu.

"Afande, nimekukosea nini?"

"Ni maagizo ya juu, Koplo. Tunabana matumizi."

"Kuna watu wanajua njia ya kuja kwangu tu. Wakinikosa hawatamwendea mwingine hapa."

Unajua nilivyoyasikia maneno yale? Nilisikia mwizi anayelilia shimo lake. Nikamwambia akabidhi funguo.

Wiki ya pili baada ya yeye kuondoka, Jumamosi asubuhi, alikuja mwanamke kavaa buibui, miwani ya jua usoni. Nitamwita Mama Shani. Anauza mitumba Buguruni, na mumewe namfahamu, sote tunamfahamu. Ana duka kubwa la vifaa vya ujenzi, na gari letu likikosa mafuta yeye ndiye anayetujazia. Kituo kizima tunamwita Tajiri.

Mama Shani alizungukia nyuma, akakuta kufuli. Ndipo akaja kaunta, tulipokuwa mie na Beka.

"Namtaka dada Mwanaidi."

"Kahamishwa," nikamjibu. "Dawati linafunguliwa Jumanne. Una shida gani? Nikuandikie RB, namba ya kuripoti?"

Alimtazama Beka. Akanitazama mie. Chini ya miwani niliona shavu limevimba na kubadilika rangi. Niliona, siwezi kukudanganya kwamba sikuona.

"Basi, nitarudi Jumanne," akasema.

Nikamwacha aende. Alipofika getini Beka alinyanyuka, akatoka nje na simu sikioni. Nililiona na hilo pia, ila sikulitilia maanani. Macho yangu ya kushuku niliyamalizia yote kwa Mwanaidi.

Jumatatu kaka yake Mama Shani aliingia kituoni, shati lina damu. Alikuja kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya hospitali, ili dada yake aendelee kutibiwa. Jumapili mumewe alimpiga na ubao wa kenchi ya paa mpaka majirani wakavunja mlango. Mkono umevunjika, na sikio la kushoto halisikii.

"Alikuwa anampiga huku anamuuliza, umekwenda kituoni kunishtaki?" yule kaka alituambia, anatutazama mmoja mmoja. "Dada hakumwambia mtu. Mie mwenyewe sikujua. Sasa nani alimwambia mumewe?"

Beka alikuwa anapekua kitabu cha matukio kama mtu anayetafuta kitu.

Nilimsubiri mpaka tukabaki wawili. "Jumamosi ulimpigia nani simu?"

"Simu zangu zinakuhusu nini, Sajenti?"

"Beka, nakuuliza."

Akatabasamu. "Aliyefunga dawati ni mie? Karatasi ina mwandiko wa nani pale? Usinitafute ubaya, braza."

Hapo ndipo nilipojiuliza kwa mara ya kwanza kwa nini Beka alikuwa anataka sana nimwangalie Mwanaidi.

Keshokutwa yake nilimfuata Mwanaidi kwenye kituo alichohamishiwa, upande wa Segerea. Nikamweleza yote, mpaka droo. Alinisikiliza bila kunikatisha.

"Zile herufi ni wanawake," akasema. "Na zile siku ni siku ambazo waume zao hawapo, ndo wanaweza kutoka. Majina sikuandika kwa sababu nilijua kuna mtu anafungua droo yangu. Nilimshuku Beka."

"Na vifurushi?"

"Nguo. Vyeti vya watoto vya kuzaliwa. Mtu anahamisha kidogokidogo, nami namtunzia, ili siku ya kukimbia atoke na mkoba tu. Mama Shani alibakiza mzigo mmoja, afande. Mmoja."

Nikaomba radhi. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Kwa nini hukugonga mlango ukaniuliza?"

Nilirudi nikaandika maelezo yangu yote kwa mkuu, pamoja na ile simu. Mkuu aliyasoma akabadilika sura. Akasema nataka kuchafua kituo, na mambo ya simu sina uthibitisho. Kweli sina. Mume alikamatwa kwa sababu majirani walisimama kidete, kesi iko mahakamani. Beka hakuguswa. Mie nikaondolewa kwenye kupanga zamu, nikapelekwa lindo, kusimama na bunduki mlangoni mwa benki. Wenzangu wananiita mchongezi. Nikikaa benchi wanahama mmoja mmoja, wanasingizia simu.

Hayo nayavumilia. Nisichoweza kukivumilia ni siku niliyokwenda kumwona Mama Shani kwa kaka yake. Alikuwa amekaa uani, mkono kwenye bandeji. Nilichuchumaa mbele yake nikamwambia mie ndiye niliyemwondoa Mwanaidi, na ninaomba anisamehe.

Akageuza kichwa. "Sema upande huu, huko sisikii."

Nikahamia upande wa pili nikarudia yote. Ilikuwa ngumu kuliko mara ya kwanza.

Akasema, "Nilikusikia tangu mwanzo. Nilitaka uyaseme tena." Akainuka akaingia ndani. Kaka yake akanisindikiza mpaka nje, hakunipa mkono.

Ndugu yangu unayesoma, labda wewe si askari. Labda ni mwalimu mkuu, msimamizi wa godauni, au unapanga watu kwenye kiwanda. Siku utakapoambiwa upunguze watu, ukiona jina la mtu linakujia haraka, jiulize nani kakutilia jina hilo kichwani na yeye anafaidika nini. Halafu nenda kamuulize mwenyewe, uso kwa uso, kabla hujashika kalamu. Akikujibu vibaya utakuwa umepoteza dakika tano. Mie dakika hizo tano nilizibania.

Na nyie dada zetu mnaokuja vituoni, msije peke yenu. Njooni na ndugu, njooni na jirani, semeni mbele ya watu wawili watatu.

Nawaambia hivi kwa sababu wiki iliyopita nimepata habari kutoka kituoni. Ratiba ya zamu sasa anaipanga Beka.