Nyimbo za Shangazi Msituni

Juzi niliona watalii wakishuka Mlima Rungwe na mabegi mgongoni, wakinong'ona kama wanaopita chumba cha mgonjwa. Nikamkumbuka shangazi yangu.

Mchana mmoja nilipokuwa mtoto alinipeleka msituni kutazama mbega. Kulinukia majani mabichi na ndizi za kuchoma tulizobeba. Njia nzima aliimba nyimbo za kwaya kwa sauti yote.

"Shangazi, nyamaza basi!"

"Anayeingia kwa watu kimyakimya ni mwizi."

Hatukuona hata mkia. Nikaamini mbega ni wa kanisa jingine. Leo najua walitusikia tangu tukiwa kijijini kwetu Ikuti.

Nilirudi nimenuna. Kwenye mahindi yetu, ambayo kila siku niliyalinda mimi, ngedere walikuwa wakila kimyakimya.

Shangazi akasonya. "Si ulitaka wanyama? Haya, watazame."