Mlinzi Aliyemkana Mama wa Masjala

Kompyuta ya masjala ilimkataa yule mama kwa siku nne, na kwa muda wote huo nilijua namna ya kumfungulia. Naliandika hili mwanzoni kwa sababu nikiliacha kwa baadaye nitatafuta njia ya kulipamba.

Nilikuwa na miezi mitano katika chuo kimoja kidogo mjini Moshi, nikiangalia kompyuta. Cheti sina. Nilijifunza kwenye chumba cha kupanga mtaa wa Soweto, hapahapa Moshi, kwa kompyuta ya mkononi iliyokosa vitufe viwili, nikisoma maswali ya watu nisiowajua na majibu ya watu wenye hasira. Mtu aliyejifunza hivyo huamka kila siku akiamini kwamba leo ndiyo watamgundua. Kwa hiyo nilikagua kila kazi mara tatu, na mara ya nne nikakagua kama kweli nimekagua.

Mama wa masjala alitunza majalada ya wanafunzi tangu chuo kilipoanza. Alikuwa ameshastaafu, akifanya kazi kwa mkataba. Siku yangu ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na hapohapo akaanza kunihoji.

"Kwenu wapi?"

"Marangu."

"Marangu ni kubwa. Juu ya barabara au chini?"

"Juu."

"Kihamba chenu kinapakana na cha nani?"

Nikamtajia. Kwetu mlimani, kihamba, yaani ile migomba na kahawa inayozunguka nyumba ya ukoo, ndicho anwani ya mtu. Alifumba macho kidogo, akasema, "Basi bibi yako ni yule mrefu wa kwaya, anayeanza kuimba kabla ya wenzake." Maswali matatu tu, akanipata.

Programu niliyokuwa nikiihangaikia ilikuwa na kazi hiyohiyo, ila haikuwa na kipaji chake. Haina dirisha wala kitufe. Inakaa kimya ndani ya seva, ile kompyuta kuu ya chuo, na mtu akiandika jina lake kwenye kompyuta yoyote ya chuo, inaulizwa: huyu ni nani, ni wetu? Ni kama mlinzi wa geti mwenye daftari. Akiulizwa jina, anakwenda ndani kulitafuta kwenye orodha kuu, kisha anaandika jibu daftarini ili akiulizwa tena asitembee. Anaandika majibu ya aina zote mbili, "yupo" na "hayupo". Kila jibu lina muda wake. Muda ukiisha, analifuta na kwenda kuuliza upya.

Mwezi mmoja kabla ya haya nilikuwa nimeirekebisha. Chuoni kwetu, kama katika ofisi nyingi za upande huu, koo ni chache na watu ni wengi. Walimu watatu walikuwa wa ukoo mmoja, na majina yao ya ubatizo yalianza kwa herufi moja. Programu ilikuwa ikiishia kwa wa kwanza inayemwona, kwa hiyo mwalimu wa mifugo alifunguliwa barua pepe za mwalimu wa Kiingereza, akazisoma zote kabla ya kulalamika. Niliingia ndani ya programu, nikanyoosha utafutaji wake, walimu watatu wakawa watatu. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Ningeishia hapo. Lakini niliona mlinzi wangu anatembea mara nyingi mno kwenda ndani, na jambo hilo lilinikera kama picha iliyoning'inizwa upande. Nikaongeza muda wa majibu yake ukawa siku nzima. Nikaongeza na mstari mmoja wa kwangu: jibu likiulizwa, muda wake uanze upya.

Kisha mkuu wa chuo akabandika tangazo. Kila ambaye mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi aingize mwenyewe, kwa jina lake, majalada ishirini kwenye mfumo mpya kabla ya Ijumaa saa tisa alasiri. Atakayeshindwa, mkataba wake hautaongezwa. Sote tulijua nani analengwa. Mama mwenyewe alilisoma akiwa amesimama, akasema, "Wanataka nikapumzike. Nikikaa nyumbani nitagombana na ng'ombe, na ng'ombe hana kosa."

Wenzake walipoandikishwa, yeye alikuwa Marangu kwenye msiba wa shemeji yake. Alirudi Jumanne, nikakaa kwenye kompyuta yake nimwandikishe. Mtu mwingine angemwandikisha tu. Mimi nilijaribu jina lake kwanza, nihakikishe kwamba kweli halimo. Mlinzi akaenda ndani, hakumkuta, akaandika daftarini: hayupo. Ndipo nikamwandikisha.

Mama akakaa, akaandika jina na neno la siri kwa vidole viwili. Kompyuta ikamjibu kwamba haimtambui.

"Umeiambia mimi ni nani?"

"Nimeiambia, mama."

"Kwa Kiswahili au kwa Kichagga?"

"Jaribu tena baadaye kidogo, mama. Itakubali."

Sijawahi kutoa ushauri mbaya kuliko huo. Alijaribu baada ya chai. Alijaribu kabla ya chakula cha mchana na baada yake. Jumatano alifika mapema ili ajaribu kabla kompyuta haijachoka. Mwalimu wa mifugo alichungulia mlangoni akamuuliza, "Mama, au umestaafishwa bila kuambiwa?" Mama akacheka, akamjibu kwamba yeye arudi kusoma barua za watu. Lakini majalada yake ishirini, aliyokwisha kuyachagua na kuyafunga kwa kamba, yalibaki mezani hayajafunguliwa.

Dawa ilikuwapo, na naiandika kwa aibu. Amri moja fupi ingefuta daftari lote la mlinzi, na mama angeingia papo hapo. Lakini kosa lingefutika pamoja na daftari, nami nilikuwa bado sijalielewa. Niliogopa kufuta kitu ambacho siku moja kingerudi na kuniumbua mbele ya watu. Kwa hiyo nilimwacha mama nje, nikaketi kulichunguza kosa langu kama daktari aliyependa ugonjwa kuliko mgonjwa. Alipouliza, nilisema ni mtandao. Mtandao umebeba dhambi za vijana wengi.

Nilisoma programu ile mstari kwa mstari kwa siku mbili. Nilituhumu kazi ya walioiandika, watu wa nchi nyingine, watu wenye shahada. Mistari yangu niliiruka, kwa kuwa niliijua.

Alhamisi jioni nilimwona mama akitoka na mfuko. Ndani yake kulikuwa na kikombe chake na sweta ambalo huwa halitoki kwenye kiti chake. Aliniaga, akashika njia. Usiku ule sikula.

Ijumaa, ilipokaribia saa sita mchana, niliacha kusoma programu, nikaorodhesha saa zote alizojaribu kuingia. Pembeni niliandika saa ambazo jibu la "hayupo" lilianza kuhesabiwa upya. Zilikuwa saa zilezile. Kila alipoulizia jina lake, mstari wangu ulimwongezea siku nzima ya kutokuwapo. Kama angekasirika akakaa nyumbani siku moja na ng'ombe wake, mlinzi angesahau na kumpokea. Alikanwa kwa sababu hakukata tamaa.

Nilifuta daftari, nikaenda masjala.

"Mama, kosa ni langu."

"Lipi? Unayo mengi."

Nikamweleza habari ya mlinzi na daftari. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya majalada.

"Kwa hiyo kadiri ninavyobisha hodi, ndivyo anavyozidi kusema sipo."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe uliweza kumnyang'anya daftari tangu Jumanne."

"Ndiyo."

"Ukawa unamtazama."

"Nilitaka kujua kwa nini anafanya hivyo."

Alifungua kamba iliyofunga majalada. Kisha akasema, "Hodari wewe. Vuta kiti, usome kwa sauti."

Niliomba nimwandikie mimi, twende haraka. Akasema tangazo limesema mwenyewe. Nikasoma, yeye akaandika kwa vidole viwili, akiacha nafasi mbili mahali pa moja na kuanza baadhi ya majina kwa herufi ndogo. Mkono wangu ulipoelekea kwenye kibodi, aliupiga kofi jepesi bila kugeuka. Ikabidi niukalie.

Katikati ya jalada la kumi na tatu mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza alisimama mlangoni akiomba barua. Mama alimtazama juu ya miwani. "Sikujui bado, mwanangu. Kaa hapo, nikimaliza utaniambia kwenu wapi." Nilitamani kunakili sentensi ile ndani ya seva. Wiki iliyofuata niliuondoa mstari wangu, na "hayupo" nikaipa dakika moja tu ya kuishi.

Jalada la ishirini liliingia dakika nne kabla ya saa tisa. Mkuu alikuja mwenyewe, akainama kwenye kioo na kuhesabu, akauliza kwa nini kazi ya wiki nzima imefanywa mchana mmoja.

"Nilikuwa na msiba, mkuu," mama alisema. "Kisha nikawa na huyu kijana."

Mkuu akanigeukia. Nilisema kompyuta ilimkataa kwa sababu ya marekebisho yangu, na kwamba ningeweza kumfungulia Jumanne lakini sikufanya hivyo. Mkuu aliandika kitu kwenye karatasi yake, akasema kwamba mimi naye tutaongea Jumatatu, akaondoka.

Jumatatu tuliongea, na sikuyafurahia mazungumzo yale, ingawa kazi sikupoteza. Nilipotoka ofisini kwake nilimkuta mama kwenye korido ameshika mkataba mpya, wa mwaka mmoja, akiusoma polepole kama mtu anayetafuta kosa. Nilisema asante, kana kwamba nimepewa mimi.

"Asante ya nini?" akauliza. "Mkataba ni wangu."