Nanga Iliyochelewesha Harusi Yangu

Siku niliyoolewa, mwanangu, ninaikumbuka kama jana. Tulitoka Entebbe kwa mashua ya baba yangu, mimi nimejifunika buibui jipya, shangazi zangu wakiimba njia nzima. Watu wa bwana harusi walikuwa wakitungojea Gaba, hapa hapa Kampala, na ngoma tulizisikia tungali mbali.

Gati lilikuwa limejaa. Shemeji yangu Sulaimani akaingia majini, akamwomba baba atie nanga pale pale kwenye maji mafupi, mimi nitabebwa. Baba alikuwa ameshaishika nanga. Akainama kutazama chini, kisha akairudisha ndani ya mashua. Maji yalikuwa maangavu, nami nikaona mchanga umechimbwa vishimo vya mviringo kama mabakuli, na juu ya vishimo vile samaki aina ya ngege wakizunguka. Walikuwa wanataga.

Baba akageuza mashua. Tukayazunguka mafunjo mpaka penye tope tupu, akateremsha nanga taratibu, tukashuka tukatembea topeni. Nilifika nimechelewa, buibui limeloa matope, mama mkwe amenuna. Nikamwambia baba kwa hasira kwamba anawapenda samaki kuliko mimi.

"Hapa ndipo utakapokula na kulea," akanijibu kwa upole. "Siwezi kukuleta kwa watu huku nikiburuza chuma kwenye chakula chao."

Baba mkwe, naye mvuvi, alimsikia. Alimshika baba mkono, akamketisha karibu naye. Baadaye alisimika nguzo pembeni mwa gati, mashua za wageni zifungwe pale. Nyinyi nyote, wanangu, mmekua kwa ngege wa ufuko ule.

Sasa umenunua boti, unawapeleka watu wa mjini Nakasero kupunga upepo kila Jumapili. Nanga yako ni nzito kuliko ya babu yako. Basi tazama chini kabla hujaitia. Penye nguzo, funga kamba, nanga ibaki ndani. Pasipo nguzo tafuta tope tupu, uyaache majani na mazalia ya samaki. Iteremshe kwa mkono, usiitupe, na uipe kamba ndefu isiburuzike. Ukiondoka, sogeza boti juu yake kwanza, ndipo uivute. Abiria watanung'unika; wavumilie, hawajui ulichokiona.

Mungu akulinde majini, akurudishe nyumbani salama, na wajukuu zako wavue katika ziwa hili wakiwa na shibe na amani.