Kihamba cha Kuzikwa

Wilfred Kileo alikuwa mtu wa kumaliza alichoanza, hata kama kingemmaliza yeye. Siku tano za wiki aliwahudumia wagonjwa wa figo kwenye kliniki moja ya Mansfield, Texas. Jumamosi alikuwa mwanafunzi wa historia, miaka hamsini na moja, katikati ya vijana waliomwita "sir". Mwaka 2018 mwalimu akampa insha juu ya Ambrose Tallant, mbunge wa Dublin na mwenye mashamba, aliyeishi miaka mia tatu iliyopita.

Sheria ya wakati ule huko Ireland ilisema Mkatoliki akifa, ardhi yake igawanywe sawa kwa wanawe wote. Lakini mkubwa wao akihamia kanisa la watawala, anachukua yote. Tallant alihama. Wadogo zake wakatoka mikono mitupu. Yeye akapata ubunge, akaishi mjini, na shambani hakurudi ila ndani ya jeneza.

"Msaliti mkubwa huyu," Wilfred alimwambia mkewe, Prudensia. "Kesho nita-submit."

Prudensia, ambaye ulimi wake haujui likizo, alikuwa anakunja nguo. "Na ile karatasi ya Baba mdogo Modestus, uta-submit lini?"

Karatasi ilikuwa mezani wiki ya tatu sasa. Wilfred ndiye kitinda mimba, na kwa desturi ya Wachaga kihamba cha baba kule Marangu, yaani shamba la ukoo lenye makaburi ya wazee, ni chake. Ukoo ulitaka aweke sahihi ili dada yake Clothilde, aliyeachika akarudi kumuuguza mama mpaka mwisho, ahame. Wilfred hakuwa amekanyaga Marangu kwa miaka kumi na minne. Alikitaka kihamba kwa jambo moja tu: Mchaga huzikwa kwake.

Akaisoma tena insha. Aya ya jeneza aliiandika kwa kejeli, na akaipenda. Sasa ilimchoma. Aliona aibu, ile inayomtoa mtu jasho na kiyoyozi kinaunguruma. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa amemwandikia mwenzake kurasa sita nzima.

Akampigia Baba mdogo. "Shikamoo. Siweki sahihi. Kihamba kiandikeni kwa jina la Clothilde."

"Marahaba. Umerogwa huko? Na wewe tutakuzika wapi?"

 Swali lilimuuma Wilfred kuliko alivyotazamia.

"Mtamwomba mwenye shamba," alisema. "Akikataa, nitazikwa hukuhuku Texas."