Mkono wa Gracieuse Uliofungwa Mgongoni

Asubuhi hii, ukiingia kwa Gracieuse, fundi wa kompyuta, mtaa wa Mudzipela hapa Bunia, usimnyooshee mkono. Hataupokea. Mkono wake wa kushoto umefungwa mgongoni kwa kitenge, na kwa wa kulia anapima kompyuta ambayo skrini yake imeingia giza.

Anaimulika kwa tochi kutoka ubavuni. Picha inaonekana kwa mbali.

"Ona, picha iko. Taa ya nyuma njo ilikufa," anasema.

Taa hiyo huwashwa na inaveta, kibao chembamba kinachopandisha volti chache za betri hadi mamia. Gracieuse, aliyekimbia vita Fataki pamoja na mumewe Jérôme, hukipima juu ya meza ileile wanayolia chakula.

Mwaka jana mchungaji alibisha hodi kazi ikiwa katikati. Hapa mgeni hupewa mkono, tena upesi. Gracieuse akautoa wa kulia, ukagusa inaveta huku wa kushoto umeshika chuma cha skrini. Salamu hiyo nusura iwe ya kuagana.

"Courant ilipita mu kifua. Nilianguka, nikawaza nakufa mbele ya batoto."

Tangu hapo akipima hufunga mkono mmoja, umeme usipate njia ya kupitia kifuani, wala hasalimii mtu. Majirani walizoea. Mama mkwe wake, Bernadette, hakuzoea. Alipofika kutoka Gety, mkono wake ulibaki hewani. Aliondoka bila kugusa chai, na hakurudi.

"Ile iliniumiza kupita courant," anasema Gracieuse, na machozi yanamlengalenga.

Leo Bernadette amekuja, kwa kubembelezwa sana na mwanawe Jérôme, aliyemsimulia ajali ile. Amekaa karibu na mlango, akiutazama mkono uliofungwa.

Gracieuse anaunganisha inaveta nyingine. Skrini inawaka nyeupe. Anazima, anachomoa betri, anafungua kitenge, kisha anapiga goti na kutoa mikono yote miwili.

"Jambo, mama."

"Jambo, mutoto yangu. Niliwaza ni kiburi. Kumbe weye unalinda roho."

Gracieuse anacheka kwa mara ya kwanza leo. Siku hizi anakusanya mbao za kujenga chumba cha kazi uani, chenye mlango wake.

"Mugeni akingia huku mbele, atanikuta na mikono yote mbili."

Chumba bado, na kompyuta nyingine inangoja mezani. Anapeleka mkono mgongoni. Bernadette anainuka na kumnyang'anya kitenge.

"Fundo yako inalegea," anasema, na kumfunga yeye mwenyewe, akikaza kama anayembeba mtoto kwa safari ndefu.