Mbuzi wa Tatu Hakufika, na Mimi Nimeapa Alifika

Admin, naomba jina langu lisionekane. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, naishi upande wa Mbooni na watoto wangu watatu. Huu ni mwezi wa tatu tangu nimzike mtu aliyenioa, na mtu huyo alikuwa mwanamke.

Wasio wa Ukambani wasishtuke. Kwetu mjane asiye na mtoto anaweza kuoa msichana, amzalie watoto watakaobeba jina la marehemu mume wake. Mimi niliolewa hivyo. Nilimwita Mwaitu, yaani mama yetu. Akinywa chai alifunika kikombe kwa kiganja ili isipoe akiongea, maana aliongea sana. Hadi leo natoa vikombe viwili, kisha narudisha kimoja.

Baada ya mazishi, hata viti vya kukodi havijarudishwa, Mutua, mtoto wa shemeji yake Mwaitu, alisimama mlangoni pangu. "Dada, ulikuja kumsaidia mama mkubwa. Sasa amepumzika. Rudi kwenu Kanyangi." Nikamjibu kwamba nilitolewa ntheo, wale mbuzi watatu ambao bila wao Mkamba hahesabu ndoa. Akawageukia wenzake. "Watatu? Labda alijihesabu na yeye!" Wakacheka, na kaburi bado bichi.

Kanisani nikaelekezwa kwa shirika la kutetea wajane. Shirika hilo linashirikiana na wanafunzi wa sheria wa chuo kimoja. Shirika linatuleta, wanafunzi wanatuandikia karatasi za korti bure, na mwalimu wao, ambaye ni wakili, anazikagua. Siku ya kwanza mama wa shirika alituambia tukiwa tumejaa kwenye mabenchi, "Hawa watoto wanaandika kile mnachowaambia. Mmoja wenu akidanganya, chuo kitatufungia mlango sisi sote."

Aliyeniandikia ombi la kubaki kwenye boma ni msichana nitakayemwita Mueni. Alinisikiliza bila haraka. Nilipolia aliweka kalamu chini akanishika mkono. Kisha akauliza, "Mama, ntheo ilikamilika? Mbuzi wote watatu?" Nikasikia kile kicheko cha kina Mutua. Nikasema, "Wote." Akaandika, akanisomea, nikaapa na kutia sahihi.

Lakini walifika wawili. Asubuhi ile Mwaitu na wazee walipokuwa waje kwetu kuleta ntheo, yule wa tatu alikuwa amezaa. Mwaitu akakataa atolewe. Aliwaambia wazee, "Mimi sikujaliwa kuzaa. Sitamtenganisha huyu na mtoto wake. Nitamleta akimaliza kunyonyesha." Baba yangu akakubali. Kisha baba akaugua, akafa, na habari ya mbuzi ikaishia hapo. Mtoto wangu wa kwanza alikunywa maziwa ya mbuzi huyo. Kwa hivyo kitu ambacho Mutua anakitumia kunifukuza ni huruma ya Mwaitu mwenyewe, na mimi nimeificha kama aibu.

Jana Mueni alinitumia ujumbe. "Mama, shikamoo. Kesi itasikizwa wiki ijayo. Nitumie majina ya watu wawili walioona mbuzi watatu wakipokelewa." Kati ya waliokuwepo, aliye hai ni mjomba wangu peke yake, na ni mzee wa kanisa. Nilipompigia alisema, "Mwanangu, nitakuja. Lakini nikishika Biblia nitasema wawili."

Nikisema ukweli, naogopa korti itaniona mwongo na watoto watatolewa kwenye boma la pekee wanalolijua. Nikinyamaza, mjomba ataniumbua mbele ya Mutua, na Mueni ataaibika kwa mwalimu wake kwa sababu aliniamini. Tena kuna wale wajane wenzangu kwenye mabenchi, ambao hawajamdanganya mtu. Mmoja alinigawia chapati yake siku ile.

Mueni bado anangoja jibu. Nimeandika "samahani mwanangu" mara nne nikafuta. Wenye kujua sheria, na nyinyi mliowahi kufiwa, niambieni: nimweleze leo, au nimeshachelewa? Na nikimweleza, nianze na neno gani?