Redio inasikia lakini haiongei: waya ya spika karibu imfukuzishe dereva kazi

Chamgei wakuu.

Leo naandika nikiwa na maringo. Nasema mapema ndio asiyeweza kuvumilia apite. Yote nimeona na macho yangu na kushika na mikono yangu, hakuna chumvi.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Mogogosiek. Ndiyo, mwanamke. Wale wa kuuliza "bwana yako anasemaje", endeni mkamuulize, yuko shambani anachuna majani chai.

Sasa sikieni.

Kuna shamba kubwa la chai huku, jina sitaji. Trekta zake zinabeba majani kutoka mabondeni hadi kiwandani. Huko chini simu haishiki network, kwa hivyo kila trekta imefungwa redio ya kuongea na karani wa kiwanda. Karani ndiye anasema nenda kituo hiki cha kukusanya majani, nenda kile, majani isikae kwa gunia ikapata joto na kuharibika.

Trekta namba nne ni ya Baba Akinyi, mzee mpole aliyekuja kutoka upande wa ziwa akiwa kijana.

Shida ikawa hii: karani anamwita kwa redio, yeye hajibu, na asiyejibu hapewi kituo. Wiki tatu hivi, tangu hiyo redio ifungwe. Majani ikaharibika kituoni mara mbili. Akaandikiwa barua ya kuonywa, halafu ya pili. Ya tatu ni kwenda nyumbani, na nyumba yenyewe ni ya kampuni. Watoto wake wote wamezaliwa hapo kambini, wakuu. Akipoteza kazi, anapoteza na paa.

Mzee anasema, "Lakini mimi najibu! Nabonyeza, naongea!" Nani atamwamini?

Fundi aliyefunga hiyo redio aliitwa, akaing'oa, akaipima kwa meza yake. Ikaongea sawa kabisa. Akatangaza kwamba redio ni mzima, dereva ndiye mgonjwa. Watu wakacheka.

Mnyonge hana haki.

Baba Akinyi alikuja kwangu kwa miguu siku yake ya off. Akavua kofia. "Mama, mimi sijui stima. Lakini mimi si mwongo."

Aki nilishikwa na hasira hadi nikapigia supavaisa wa usafiri hapo hapo. Akaniambia, "Madam, njoo Jumatatu asubuhi. Ukishindwa, barua ya tatu nishaandika."

Jumatatu nikainua boneti. Woi! Waya ya spika! Ile nyembamba ya kufungia redio ya sebuleni. Imechukua moto, yaani umeme, kutoka kwa waya ya taa, imeunganishwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa selotepu, na earth, ile waya ya kurudisha umeme, imekazwa juu ya rangi badala ya chuma kitupu. Juu ya rangi, wakuu! Na huyo mtu ana bango barabarani ameandika "mtaalamu".

Nieleze polepole. Redio ikisikiliza, inadonoa umeme kidogo tu. Ukibonyeza kuongea, inakunywa mara kumi na zaidi. Waya nyembamba na ndefu haiwezi kupitisha hiyo yote. Kwa hivyo inasikia vizuri, lakini ukianza kuongea inazima. Ukiachilia, inawaka tena kama haikufanya kitu. Kwa meza ya fundi ilipimwa na waya fupi, nene. Lazima ingeongea.

Nikamwita supavaisa aangalie mita. Redio ikisikiliza, volti kumi na mbili.

"Sasa bonyeza wewe mwenyewe."

Akabonyeza. Volti ikaanguka hadi nane, taa ya redio ikazima mbele ya macho yake. Akabonyeza tena. Na tena.

"Ah," akasema.

Sasa kuchagua waya, na hapa chukueni kalamu.

Duka la kwanza wakanipa waya nene, bei ya kupendeza. Nikaikwangua na kisu: nje nyekundu, ndani nyeupe. Aluminiamu imevaa koti ya kopa, shaba ya juu juu tu, na haipitishi umeme kama kopa yenyewe. Nikawarudishia.

Duka la pili wakaniletea waya ya nyumba, ile ngumu ya uzi mmoja. Hiyo ilinidanganya hata mimi nikianza kazi. Nilifungia mwalimu mmoja wa Kabianga redio ya gari nayo, barabara ya mawe ikaikata ndani kwa ndani, plastiki nje bado inang'aa. Niliaibika sana. Kitu kinachotetemeka kinataka kopa ya nyuzi nyingi nyembamba, inayokunjika kama kamba.

Hiyo niliipata duka la tatu. Milimita sita.

Nikavuta nyaya zote mbili, moto na earth, moja kwa moja kutoka kwa betri. Fyuzi iko karibu na betri, si karibu na redio, kwa sababu waya ikichubuka njiani kabla ya fyuzi ndio trekta inaungua. Ncha zote nimebana na lagi, vile vichwa vya chuma vya kukazwa na skrubu. Mahali inapita kwa chuma nimevalisha mpira. Na kabla iingie kwa redio nimeiacha ining'inie kidogo, maji idondoke hapo. Mvua yetu mnaijua.

Baba Akinyi akashuka bondeni hadi kituo cha mwisho. Mimi na supavaisa tukasimama kwa ofisi ya karani. Nilikuwa najiamini, lakini macho hayakutoka kwa redio ya karani.

"Kiwanda, kiwanda, hapa ni namba nne. Mnanisikia?"

Sauti safi! Karani aliruka kwa kiti.

Supavaisa akachukua maiki. Trekta zote ziko kwa chaneli moja, kwa hivyo kila dereva alikuwa anasikia.

"Namba nne, tunakusikia. Na wiki hizi zote ulikuwa unajibu, mzee. Ni sisi hatukusikia. Utusamehe."

Mzee akajibu:

"Asante mkubwa. Sasa niende kituo gani?"

Nilitoka nje nikajifanya natafuta spana.

Trekta zingine zote sasa ni kazi yangu, na ndio maana naringa. Nilichojifunza: pima waya kitu kikiwa kinafanya kazi, si kikiwa kimelala. Na kabla umwite mtu mwongo, inua boneti.

Mafundi, mnatumia waya gani kwa barabara zenu? Na wewe uliyewahi kulaumiwa kwa kosa la waya, tuambie hapa chini. Sisi tutakusikia.